Ukaguzi wa Upepo na Punguzo la Bima ya Nyumba Florida

Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria huzitaka kampuni za bima kuwapunguzia malipo wenye nyumba zinazostahimili upepo, ingawa punguzo hugusa tu sehemu ya malipo inayohusu upepo, nawe huna budi kuwasilisha fomu ya ukaguzi wa upepo, OIR-B1-1802, iliyojazwa na mkaguzi anayetambuliwa kisheria. Kabla hajafika, safisha njia ya kuingilia darini, kwa kuwa huko ndiko atakakopiga picha za misumari ya paa na vyuma vinavyofunga kenchi kwenye kuta. Tafuta pia kibali cha ujenzi wa paa, ambacho wengi hukisahau. Kinga ya madirisha, kwa maoni yangu, isiachwe nusu: dirisha moja lisilokingwa laweza kukunyima punguzo la kipengele hicho. Fomu hutumika hadi miaka 5, mradi jengo halijabadilishwa.