Mercedes W204: kazi ipi iende kwa wakala, ipi iende gereji ya nje

Mwongozo huu ni wa mwenye C-Class ya W204 iliyotoka Japani, zile za 2007 hadi 2014 zilizojaa Dar es Salaam. Waranti ya kiwanda ilishakwisha, kwa hiyo hakuna kinachokufunga kwa wakala. Wanaoumia ni wale wanaochagua sehemu moja kwa kila kitu. Amua kazi kwa kazi.

Hatua ya 1: Namba ya chesisi

Ina herufi na tarakimu 17, inaanza na WDD. Mpigie wakala umtajie, uulize kama kuna wito wa kiwanda (recall, yaani gari kuitwa kurekebishwa kasoro) ambao gari halijafanyiwa, hasa wa airbegi za kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevunyevu, na pwani tunavyo vyote viwili. Ikiharibika, airbegi ikifumuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni. Kazi hii usimpe fundi wa nje hata akikuapia.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuchagua fundi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lipia upimaji peke yake, bila kuahidi kazi. Mashine iwe Xentry, ile ya upimaji ya Mercedes wenyewe. Vile vimashine vidogo vya OBD2 husoma makosa ya jumla ya injini. Makosa mengi ya giaboksi, airbegi na ABS havioni.

Betri ipimwe kwanza. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, ichajiwe kwanza, maana betri dhaifu huzaa makosa ya uongo kwenye kompyuta tano kwa mpigo. Kisha dai karatasi ya makosa ichapwe kabla hayajafutwa. Fundi anayefuta kwanza amefuta ushahidi wako. Kwenye karatasi tenganisha kosa lililopo sasa na lile lililohifadhiwa tu. La pili linaweza kuwa la miezi iliyopita.

Chukua mfano wa gari linalokwama gia moja na kukataa kubadili. Asiye na mashine atakwambia agiza giaboksi la mtumba. Kwenye giaboksi la 722.9 (7G-Tronic) mara nyingi ugonjwa ni sensa za spidi, na karatasi itaandika Y3/8n1, n2 au n3. Mwambie fundi akuonyeshe namba za sensa hizo gari likiwa linatembea: ikishuka sifuri ghafla wakati magurudumu yanazunguka, umeiona kwa macho yako. Kabla ya kufungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), aangalie pia soketi ya waya kwenye giaboksi kama inavuja oili. Ikivuja, ni mpira mdogo tu wa kubadilisha.

Sasa sikiliza vizuri. Sensa hizo zimeshikana na kompyuta ya giaboksi, juu ya valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi), na kompyuta hiyo imefungwa kwa ulinzi wa wizi kwenye chesisi ya gari lake la kwanza. Ukinunua ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani na kuifunga hivihivi, gari halitakwenda. Njia ni tatu. Ya kwanza ni mpya kutoka kwa wakala, iprogramiwe mtandaoni na kiwanda. Ya pili ni mtaalamu abadilishe sensa tu na kukuachia kompyuta yako mwenyewe. Ya tatu ni ya mtumba iliyofutwa kwa kifaa maalumu, halafu iprogramiwe upya. Napendelea ya pili, ila kwa fundi aliyekwisha kuifanya. Akisitasita, nenda kwa wakala. Ya tatu naiweka mwisho.

Kuna swali moja la kumpima fundi wa nje: "Kiwango cha oili ya giaboksi hili unakipimaje?" Halina kijiti cha kupimia. Oili hujazwa kutoka chini, injini ikiunguruma, na ziada hutoka kwenye mrija wa sampu oili ikifika nyuzi joto 45, zikisomwa kwenye mashine. Akijibu "tunarudisha lita zilizotoka", ondoka. Oili yenyewe iwe ya kiwango cha Mercedes MB 236.14, au 236.15 kwa 7G-Tronic Plus. Kuweka ATF (oili ya giaboksi la otomatiki) yoyote iliyopo dukani ni kununua matatizo.

Hatua ya 3: Gawa kazi

Wakala: funguo, airbegi, kompyuta mpya, na loki ya usukani (dalili ya kufa kwake: ukichomeka ufunguo, kimya, dashibodi haiwaki). Gereji nyingine hufunga kifaa cha kuidanganya loki; gari litawaka, lakini usukani haujifungi tena.

Gereji ya nje: brekipedi, bushi, shokapu, plagi, koili, oili ya injini (MB 229.5). Kwa hizi kumlipa wakala ni kupoteza.

Hatua ya 4: Spea

Lemförder, Bosch, Sachs na Mann ni kampuni zinazolisha viwanda vya magari, na spea yao ikiwa kwenye boksi lao wenyewe huwa nafuu kuliko ile yenye boksi la nyota ya Mercedes. Bei ikiwa ya chini mno, hiyo ni feki.

Hatua ya 5: Kabla ya kulipa

Spea za zamani ziwekwe kwenye buti lako. Endesha kilomita 20 hivi, rudi, gari lipimwe tena, na karatasi ya pili ilinganishwe na ya kwanza mstari kwa mstari, fundi akiwepo.