Choo na bafu kwenye chumba cha chini: pima chemba kabla ya kununua tailizi

Nyumba nyingi za miteremko ya Mwanza, Isamilo au Mabatini, ukizitazama kutoka barabarani ni za kawaida tu. Zunguka upande wa bondeni, utakuta chini kuna chumba kizima kilichopatikana wakati msingi unanyanyuliwa. Zamani kiliwekwa mkaa na mbao. Siku hizi wenye nyumba wanakipangisha, na mpangaji anataka choo na bafu humo humo ndani. Hapo ndipo naitwa, mara nyingi tailizi zimeshanunuliwa na choo kiko kwenye boksi, lakini hakuna aliyejiuliza maji taka yatatokea wapi.

Maji taka hayapandi mlima. Kazi yote ya chumba cha chini inaamuliwa na hilo, kwa hiyo hatua ya kwanza nitaieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Pima sakafu na chemba

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mrefu wa kutoka chumbani hadi kwenye chemba, yaani kile kishimo cha nje chenye mfuniko ambamo mabomba ya maji taka hupitia. Ujaze maji na utoe mapovu yote, kwa sababu povu moja likibaki kipimo chote ni cha uongo. Mmoja ashike ncha moja ukutani chumbani, mwingine aende na ncha ya pili kwenye chemba. Maji yakitulia, kila mmoja achore alama usawa wa maji. Sasa pima kushuka chini: chumbani, kutoka alama hadi sakafu, kwenye chemba, kutoka alama hadi mdomo wake, kisha hadi mferejini, yaani njia ya maji iliyo chini kabisa ya chemba. Namba hizo tatu ziandike ukutani kwa penseli.

Mfano: sakafu iko sm 110 chini ya alama, mdomo wa chemba sm 120, mfereji wa chemba sm 185. Kutoka sakafuni hadi mferejini una sm 75. Bomba la inchi 4 nalishusha sm 2.5 kwa kila mita, basi kwa mita 12 ni sm 30. Weka sm 30 nyingine za elbo (kiungo cha kona) na bomba chini ya sakafu ya choo. Jumla sm 60, na bado una sm 15 za akiba. Inawezekana.

Angalia na mdomo wa chemba: uko sm 10 chini ya sakafu. Maana yake chemba ikiziba, uchafu utamwagikia nje, utauona na utazibua. Mdomo ukiwa juu ya sakafu, uchafu utatokea ndani, kwenye tundu la bafu. Mwaka 2013 nilifanya kazi ambayo maji yalikwenda vizuri kabisa, sikupima mdomo. Masika yakaja, tambara likaziba chemba, familia ya juu ikaendelea kuoga na kuflashi bila kujua. Yule mama mpangaji aliamka usiku godoro lake limelowa maji ya choo. Nilivunja na kurudia kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sikubali kuanza bila kipimo hicho.

Mdomo ukiwa juu ya sakafu, dawa ni mbili. Weka gali trepu (tundu la nje lenye kona ya kubakiza maji ili kuzuia harufu) upande wa bondeni, kwenye bomba la bafu hilo, mdomo wake uwe angalau sm 15 chini ya sakafu. Pia weka vavu ya kuzuia maji yasirudi, ndani ya kichemba chenye mfuniko ili isafishike. Vavu hiyo ikae kwenye tawi la bafu la chini peke yake. Ukiiweka kwenye bomba la pamoja, ikijifunga, maji ya wa juu yatakosa njia na yataingia kwa wa chini.

Mfereji wenyewe ukiwa juu mno, una njia tatu. Bora zaidi ni kujenga septiki (shimo la maji taka) mpya upande wa bondeni wa nyumba kama kiwanja kinaruhusu. Ya pili ni kunyanyua sakafu ya choo kwa ngazi moja au mbili, ila kutoka sakafu mpya hadi dari ibaki walau mita 2.1. Pampu ya maji taka naiweka mwisho: umeme ukikatika, choo hakitumiki.

Hatua ya 2: Chora chumba

Choo kiwe karibu na ukuta unaotazama chemba. Shawa na sinki vifuate ukuta huo huo. Katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni acha sm 40, mbele yake sm 60. Shawa ipate sm 90 kwa 90. Mlango ufungukie nje. Kwetu Mwanza, chimba mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya kuchora, maana mwamba ukiwa pale ulipotaka choo, ni rahisi kuhamisha choo kuliko mwamba.

Hatua ya 3: Laza mabomba

Choo inchi 4, shawa inchi 2, sinki inchi moja na nusu. Kwenye kona tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na penye kuungana tumia wai, kiungo chenye umbo la herufi Y. Pima tundu la choo chako mwenyewe, usipime cha jirani, vinatofautiana.

Bomba la hewa lipande hadi juu ya paa. Wengi hulikata kuokoa pesa. Bila hilo, choo kikiflashiwa hewa hunyonywa kupitia trepu (kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu), maji ya trepu yanaondoka, na harufu inaingia chumbani.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa bomba, jaza maji, uangalie kila kiungo.

Hatua ya 4: Maji safi na ukuta

Bomba la plastiki la PPR la nusu inchi linatosha, na vavu lake la kufungia. Ukuta unaogusa udongo upakwe dawa ya kuzuia maji pamoja na sakafu. Kisha ziba tundu, jaza maji sakafuni saa 24, ndipo uweke tailizi.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo fundi. Mimi niko Kimara, wapangaji wangu wanapenda choo cha kuchuchumaa. Vipimo ni vile vile?*

Marahaba mwanangu. Havifanani. Trepu yake inakaa chini ya sakafu, kwa hiyo ongeza kama sm 25 kwenye hesabu, au nyanyua sehemu ya choo kwa ngazi.

*Kaka, kiwanja changu ni mteremko mkali. Fundi anasema bomba likishuka kwa kasi maji yanakimbia na uchafu unabaki.*

Ndugu yangu, nimezibua mabomba mengi, na tatizo ninalolikuta si kasi, ni bomba lililoweka tumbo (lililobonyea) katikati. Shuka kwa chemba kama ngazi, na ulishike bomba kwa zege lisiteleze kwenye viungo.

*Fundi, jirani wa bondeni ana kisima. Septiki mpya itakuwa mita 12 kutoka kwake.*

Hapana, usijenge hapo. Mimi natafuta mita 30 au zaidi, na hasa kisima kikiwa chini ya shimo. Nyanyua sakafu ya choo utumie septiki iliyopo ya nyumba ya juu. Nenda kwa jirani na kamba ya kupimia, mpime pamoja.