Kidole kimoja ukutani: namna ya kumsaidia mzee anayeyumba gizani

Wazee ninaowafanyia mazoezi ya viungo majumbani, kuanzia Magomeni mpaka Mbagala, wengi wana lalamiko moja. Mchana wanatembea vizuri tu, ila umeme ukikatika usiku, kutoka kitandani kwenda chooni kunakuwa kazi. Watoto wao hudhani tatizo ni macho. Macho yamo kweli, lakini ngozi nayo ina sehemu yake, na hiyo ndiyo husahaulika.

Mwili hujua umesimama wima kwa kukusanya habari kutoka pande kadhaa. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara, inayohisi kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, vinavyohisi kichwa kinapoinama au dereva wa daladala anapokanyaga breki ghafla. Macho huongeza yao, misuli na viungo huongeza yao, na nyayo husikia uzito ukihama kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Ubongo hulinganisha habari zote hizo. Giza likiingia, macho hayana la kusema. Mzee mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye nyayo zimekufa ganzi, anabaki akitegemea zaidi sikio, na sikio lenyewe hupungua nguvu kadiri umri unavyosogea.

Mwaka 1994 John Jeka na James Lackner, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, walionyesha jambo ambalo mimi nalitumia kila wiki. Waliwasimamisha watu, unyayo mmoja mbele ya mwingine, kidole cha shahada kikigusa kitu imara kwa nguvu isiyozidi nyutoni 1, sawa na uzito wa gramu 100 hivi. Nguvu hiyo haiwezi kumzuia mtu asianguke. Hata hivyo kuyumba kulipungua, karibu sawa na walipobonyeza kwa nguvu watakavyo. Kidole hakibebi mwili, kinapeleka habari: mwili ukiinama kidogo tu, ngozi ya ncha ya kidole inavutika, na miguu inajirekebisha.

Kabla ya zoezi, pima miguu. Mzee alale, avue soksi, afumbe macho. Mguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha katikati, kisha kile kidogo kabisa, mguu wa kulia na wa kushoto. Usisugue, usibonyeze, na usirudie kidole ambacho hakukisikia. Kila akisikia aseme "kulia" au "kushoto". Kati ya vidole hivyo 6, asiposikia viwili au zaidi, mpeleke kituo cha afya wamwangalie miguu na sukari, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Zoezi lenyewe lifanyike mchana, sakafu ikiwa kavu. Ukuta uwe upande mmoja wa mzee, nyuma yake kiti kizito cha mbao (cha plastiki kinateleza), na wewe usimame upande wa pili, mikono tayari. Asimame miguu ikiwa pamoja, kiwiko kimekunjwa kidogo, ncha ya kidole cha shahada iguse ukuta usawa wa kiuno au juu kidogo.

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu mtu mwenye hofu hubonyeza. Bibi mmoja wa Temeke aliniuliza, "Mwanangu, nikigusa hivi si nitaanguka?" Nikamwambia, "Bibi, uzito uache miguuni, kidole kisikilize tu." Nikachukua kipande cha karatasi ya daftari, nikakiweka kati ya kidole chake na ukuta, nikamwomba akizuie kisidondoke, basi. Mara ya kwanza alikigandamiza mpaka ukucha ukapauka. Alipolegeza, rangi ya ukucha ikarudi, karatasi ikabaki palepale, na mabega yake yakashuka. Kwa hiyo angalieni ukucha. Ukipauka, anaegemea.

Akishazoea, afumbe macho kwa sekunde 10, kisha afumbue. Baadaye aunyanyue mkono kidogo, macho yakiwa wazi, ahisi tofauti. Siku akiwa imara, aweke mguu mmoja nusu hatua mbele. Mwisho atembee kando ya ukuta, kidole kikiteleza taratibu. Dakika chache kila siku zinatosha, na akichoka mwache akae.

Kisha tengenezeni njia ya usiku. Ondoeni ndoo, mkeka unaojikunja na nyaya za feni. Hakikisheni kidole kina kitu cha kugusa njia nzima, na kitu hicho kisicheze. Mlango unaobembea na pazia havifai, kwa kuwa mwili hufuata kinachoguswa: kikisogea, nao unasogea. Chooni wekeni chuma kilichofungwa imara ukutani. Pale mzee ashike kwa mkono wote, maana kuinuka kunahitaji nguvu, na mguso mwepesi hautoshi.

Kuhusu viatu, nina msimamo mkali: ndala za sponji nene siziafiki kabisa. Zinazima habari ya nyayo na zinachomoka. Lakini mwenye ganzi asitembee peku, atajikata asijue. Mpeni kiatu chenye soli nyembamba, ngumu kiasi, na mkanda wa nyuma. Mkongojo nao ni kidole kirefu, hata asipouegemea. Mzee akiukataa kwa kuona haya, mwelezeni hivyo.

Kizunguzungu cha ghafla kinachoambatana na mdomo kupinda, maneno kutatanika, au mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri asubuhi.

Usiku wa kwanza wa kujaribu njia hiyo, akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie, ndipo asimame. Mfuate hatua moja nyuma, upande usio na ukuta, na usimshike asipoyumba.