Somo: Kujiandaa kwa Dhoruba ya Theluji na kwa Siku Ambazo Kazi Zinafungwa, kwa Sisi Tunaoishi Minnesota

Ndugu zangu wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, wengi wetu tumekwisha kujifunza namna ya kuvaa. Jambo ambalo bado linatugharimu kila msimu wa baridi ni lile la kazi: nani mwenye mamlaka ya kufunga mahali pa kazi, nani analipwa akibaki nyumbani, na mtu aseme nini kwa msimamizi wake kabla theluji haijaziba mlango. Nimeona watu wakihatarisha maisha yao barabarani kwa zamu ambayo ilikuwa imekwisha kuahirishwa, na wengine wakipoteza malipo ambayo sheria iliwapa, kwa sababu tu hawakuuliza mapema.

Tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi -33 za Selsiasi. Shirika la posta lilisimamisha usambazaji wa barua katika jimbo hili, na shule nyingi zikafungwa. Hata hivyo, wazee walio katika nyumba za kutunzia wazee walihitaji kuoshwa, kulishwa na kupewa dawa asubuhi hiyo kama asubuhi nyingine yoyote, na tunajua ni akina nani wanaofanya kazi hiyo. Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 6 Januari 2014, Gavana Mark Dayton alifunga shule zote za umma za jimbo kwa ajili ya baridi, lakini amri yake haikuwagusa waajiri, kwa hiyo wazazi walibaki na watoto nyumbani huku zamu zao zikiwangoja.

Hatua ya kwanza: elewa tangazo linasema nini na halisemi nini

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa kwanza tahadhari ya mapema, maana yake hali mbaya inaweza kutokea, kisha hutoa onyo, maana yake hali hiyo imefika au iko karibu sana. Tahadhari ya mapema ndiyo wakati wa kununua chakula na dawa, na ndiyo wakati wa kumpigia msimamizi simu. Ukisubiri onyo, umechelewa.

Usisome joto la hewa peke yake, bali soma na joto linalohisiwa kutokana na upepo. Hewa ikiwa nyuzi -18, ambayo ndiyo sifuri ya Farenhaiti, na upepo ukivuma kwa kilomita 24 kwa saa, mwili hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi -28, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwa mtu anayesubiri basi alfajiri, dakika hizo si nyingi.

Jambo la pili ni kwamba jimbo likishauri watu wasisafiri, au gavana akifunga ofisi za serikali, kiwanda chako au ghala lako halijafungwa kwa tangazo hilo. Mwajiri binafsi hufunga mwenyewe, na taarifa yake ndiyo unayopaswa kuwa nayo mkononi.

Hatua ya pili: zungumza na kazini kabla ya dhoruba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hasara kubwa. Muulize msimamizi wako, tena kwa ujumbe wa maandishi, taarifa ya kufunga hutolewa kwa njia gani na saa ngapi, utampigia nani ukishindwa kufika, na muda wa mwisho wa kupiga ni upi. Kisha tambua uko katika kundi gani la malipo, kwa kuwa maneno mawili yanayofanana kwa mtu wa kawaida, yaani “kazi imefungwa” na “sikuweza kufika”, yana matokeo tofauti kabisa kisheria.

Anayelipwa kwa saa, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, hulipwa saa alizofanya kazi tu. Mwajiri akifunga, sheria hiyo haimlazimishi kumlipa. Anayelipwa mshahara usiobadilika na asiyestahili ovataimu, kwa mfano meneja, hakatwi mshahara ofisi ikifungwa kwa muda usiofika wiki nzima naye yuko tayari kufanya kazi, ingawa mwajiri anaweza kuzipunguza siku zake za likizo. Lakini ofisi ikiwa wazi naye akashindwa kufika kwa sababu ya theluji, anaweza kukatwa siku nzima. Na yeyote anayelipwa kwa saa akifanya kazi akiwa nyumbani, hata kama ni kujibu barua pepe na kukamilisha taarifa za wagonjwa, muda huo ni wa kulipwa.

Juu ya hayo, Minnesota ina sheria yake ya likizo ya ugonjwa na usalama, iliyoanza tarehe 1 Januari 2024. Mfanyakazi anayetarajiwa kufanya kazi angalau saa 80 kwa mwaka katika jimbo hili hujipatia saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na wafanyakazi wa muda na vibarua wamo. Wengi wanadhani saa hizo ni za homa na miadi ya daktari peke yake. Sheria inataja waziwazi kwamba zinaweza kutumika mahali pa kazi panapofungwa kwa sababu ya hali ya hewa, na pia shule au mahali pa malezi pa mtoto wako panapofungwa kwa sababu hiyo. Kuna kazi chache za dharura ambazo kipengele cha hali ya hewa kinaweza kutozihusu, kama vile polisi na zimamoto, kwa hiyo wanaofanya kazi za aina hiyo wasome masharti yao. Fungua hati yako ya malipo leo uangalie una saa ngapi.

Wanaofanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee wajue kwamba kwao hakuna kufungwa. Fungasha mfuko wa siku mbili: dawa zako, nguo za ndani, chaja, chakula kisichohitaji kupikwa. Ukiombwa kulala hapohapo ili zamu ya asubuhi isikose mtu, uliza swali moja kabla ya kukubali: je, usiku huo nitahesabiwa niko kazini, au nimepewa tu mahali pa kulala? Ukitakiwa kuwa zamu na kuitika wakati wowote, na zamu hiyo haifiki saa 24, muda huo ni wa kazi hata kama umepata usingizi. Ikiwa uko huru kabisa, mara nyingi haulipwi. Jibu lipate kwa maandishi.

Hatua ya tatu: nyumba

Acha maji ya bomba la ndani lililo kwenye ukuta unaopakana na nje yadondoke kidogokidogo usiku kucha, na ufungue milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye mabomba. Tanuru nyingi za kisasa zinatolea moshi kupitia mabomba ya plastiki yaliyo ubavuni mwa nyumba, karibu na ardhi. Theluji ikiyaziba, tanuru huzimika au hewa yenye sumu hurudi ndani. Toka na koleo uyafukue kabla ya kufukua njia ya gari.

Naomba hili lisikike vizuri: jiko la mkaa, hata lile dogo la kuchomea nyama, lisiingizwe ndani ya nyumba wala ndani ya gereji kwa ajili ya joto. Kule nyumbani tumekaa na jiko jikoni penye madirisha na paa linalopitisha hewa, lakini nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Umeme ulipokatika Texas mnamo Februari 2021, familia zilikufa kwa sumu ya kaboni monoksidi zikijaribu kujipasha joto. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kiwe ndani ya mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala. Bonyeza kitufe chake sasa usikie kama kinalia.

Hatua ya nne: gari

Jiji la Minneapolis likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, huruhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara zilizowekewa alama ya dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, katika mitaa mingine huegeshi upande wa nyumba zenye namba shufwa, na siku ya tatu huegeshi upande wa namba witiri. Saint Paul ina utaratibu wake tofauti, kwa hiyo anayelala katika jiji moja na kufanya kazi katika jiji la pili lazima ajue yote mawili. Anayetoka zamu ya usiku akakuta gari limevutwa atalipa faini, gharama ya kulivuta na ya kulihifadhi.

Weka angalau nusu tangi la mafuta, na ndani ya gari uwe na blanketi, koleo, tochi, maji na mfuko wa mchanga. Chumvi ya barabarani haiyeyushi barafu vizuri chini ya nyuzi -9 hivi, lakini mchanga hushika tairi hata kwenye baridi kuliko hiyo. Ukikwama, usiliache gari. Fukua kwanza bomba la moshi, kisha washa injini dakika kumi hivi kwa kila saa, dirisha likiwa wazi kidogo.

Hatua ya tano: mwili

Vaa tabaka tatu, ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi. Glavu zinazounganisha vidole vinne pamoja huhifadhi joto kuliko zile za kila kidole. Baridi ikiwa kali sana utahisi vinyweleo vya pua vikigandamana unapovuta pumzi, na theluji italia chini ya kiatu. Hizo ni dalili za kufunika uso mara moja. Ngozi ikifa ganzi na kupauka, au kugeuka ya kijivu kwa sisi weusi, usiisugue wala kuiweka karibu na hita, maana haitahisi ikiungua. Itie katika maji ya uvuguvugu. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, piga 911, namba ya dharura, hapohapo.

Maswali ya wanachama

Mama Neema, Brooklyn Park: Shikamoo mwalimu. Shule ya watoto ilifungwa kwa theluji, lakini kazini kwangu kulikuwa wazi. Msimamizi aliniambia nitumie siku za mapumziko au nisilipwe. Alikuwa sahihi?

Marahaba, mama. Ikiwa ulikuwa na saa za likizo ya ugonjwa na usalama, hakuwa sahihi, kwa kuwa shule kufungwa kwa hali ya hewa ni sababu inayokubaliwa. Mwandikie ujumbe wa heshima ukitaja tarehe, shule na saa unazodai, uambatanishe taarifa ya shule. Asipokubali, piga simu Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota. Unaweza kuomba mkalimani. Mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kudai haki hiyo.

Bahati, anayetoka Bukavu, anafanya kazi ghalani: Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaambiwa tungoje kwenye chumba cha chakula. Saa mbili wakasema turudi nyumbani. Wametulipa nusu saa tu.

Ndugu Bahati, mkiamriwa kungoja ndani ya jengo, huku mkiwa tayari kuanza, kungoja huko ni kazi, na saa zote mbili zinapaswa kulipwa. Zilizobaki za zamu, sheria haimlazimishi mwajiri kuzilipa, isipokuwa mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi unasema hivyo. Lakini ghala lilipofungwa kwa sababu ya theluji, mnaweza kuziombea likizo yenu. Andikeni leo, kila mmoja kwa mkono wake, saa aliyoingia na jina la aliyewaambia mngoje, kabla kumbukumbu haijachanganyika.

Mgeni, nimefika kutoka Kigoma mwezi uliopita: Naweza kupasha gari moto ndani ya gereji nikiacha mlango wa gereji wazi?

Hapana, kaka. Litoe nje kwanza, hata kama ni kwa dakika mbili. Gereji iliyoungana na nyumba hupeleka moshi vyumbani ingawa mlango uko wazi.

Baba Zawadi, Saint Paul: Joto la nyumba yetu halipandi kupita nyuzi 15, na mwenye nyumba hapokei simu. Nikikaa nyumbani kushughulikia jambo hili nitapoteza zamu.

Pole sana, baba. Pale ambapo mpangaji hawezi kupandisha au kushusha joto la nyumba mwenyewe, sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba aweke angalau nyuzi 20 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Piga picha ya kipimajoto ikionyesha saa, umtumie mwenye nyumba kwa maandishi leo ukimweleza kwamba utakwenda mahakamani, kisha uwaite wakaguzi wa nyumba wa jiji. Saa 24 zikipita bila matengenezo, unaweza kufungua ombi la dharura la mpangaji katika mahakama ya wilaya. Wakati unangoja, piga 211, namba ya kuulizia huduma za msaada, uulize mahali pa kupata joto pa karibu, na kama kuna mtoto mchanga usimlaze hapo usiku huu. Mpelekeni kwa jamaa au kwa jirani mwenye joto, nawe uende zamu yako ukiwa na nakala za ujumbe huo kwenye simu.