Namna ya kufundisha Charlemagne huku Bukavu

Charlemagne alikuwa mufalme wa Bafranki, kabila ya zamani ya Ulaya. Usianze na tarehe, chora kwanza karte kwa tablo, Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, Italia ya kaskazini, alafu uulize banafunzi hiyo yote ilikuwa ya nani. Kisha leta 25 Desemba 800, Papa Leo III anamuvika taji kule Roma, na 843 wajukuu batatu banagawana ufalme. Rukia 1957: zile inchi sita zenye zilianzisha soko la pamoja la Ulaya ziko karibu palepale, njo maana Aachen, muji wa Ujerumani, inatoaka Zawadi ya Charlemagne tangu 1950 kwa benye kuunganisha Ulaya. Lakini usifiche Basaksoni, kabila ingine ya kule, benye Charlemagne aliua kule Verden mu 782, ni ya maana sana. Baache babishane, na mwenye kusema alikuwa Mufaransa ao Mujerumani umukumbushe alikuwa Mufranki, hizo inchi zilikuwa bado hazijazaliwa.