Baiskeli mpya inapolia: tafuta tatizo kabla ya kushika spana

Baiskeli nyingi mpya hapa Nairobi hufika dukani ndani ya boksi, zikiwa zimefungwa nusu nusu. Gurudumu la mbele, usukani, pedali na siti humaliziwa na kijana wa duka huku wewe umesimama kando, unataka uipande hadi nyumbani. Usishangae ikianza kulia kabla ya mwezi kuisha. Tena kuna kulegea kwa kawaida kabisa: waya za gia na breki hujikalia sawasawa ndani ya mipira yake baada ya safari chache, na zikishakaa huwa zimelegea kidogo. Hapo hakuna aliyekuibia.

Somo hili ni la anayeanza. Sitakufundisha kufungua beringi za katikati, zile za ndani ya fremu kati ya pedali mbili. Nataka tu ujue tatizo liko wapi, ili ukifika kwa fundi usimwambie "inapiga kelele, angalia yote". Ataangalia yote kweli, na utalipia yote.

Hatua ya 1: Ikague ikiwa imesimama

Simama mbele yake. Kama breki ni zile zinazobana rimu, lazima ziwe upande wa mbele wa foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zikikutazama. Ukizikuta zimejificha nyuma, kati ya foku na fremu, foku imefungwa kinyume. Usicheke, ziko barabarani. Pita Jogoo Road utaziona. Za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, ni tofauti, breki hukaa nyuma ya mguu wa kushoto wa foku na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa bana breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kitu kinagonga shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu, shingo imelegea. Halafu shika krenki, ule mkono unaobeba pedali, uvute kwako na kuusukuma. Zikicheza zote mbili kwa pamoja, ni beringi za katikati. Ikicheza moja tu, bolti yake imelegea, na ya kushoto ndiyo husumbua zaidi. Usiipande hivyo hata hadi stejini. Krenki iliyolegea hula tundu lake yenyewe, na tundu likishaharibika hakuna kukaza kutakakosaidia, ni kununua nyingine.

Mwisho, vile vishikio vya kufungia magurudumu bila spana. Wengi huvizungusha kama nati. Nati iko upande wa pili; kishikio chenyewe kinakunjwa, na kikifungwa vizuri kinakuachia alama kwenye kiganja. Kikikunjika kwa kidole kimoja, hakijashika.

Hatua ya 2: Isikilize ikitembea

Tafuta mahali tulivu. Jumapili asubuhi barabara ya mtaani inatosha. Thika Road hutasikia kitu. Endesha huku ukijiuliza maswali haya.

Nikiacha kukanyaga, sauti inaendelea? Ikiendelea, tazama magurudumu, breki na tairi. Ule mlio wa tik-tik-tik wa nyuma unapoteleza bila kukanyaga ni wa kawaida, usiupeleke kwa fundi.

Inalia ninapokanyaga tu? Basi hesabu. Mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, upande uleule, ni pedali au krenki. Lakini kabla hujashika chochote, tazama ncha ya waya wa gia ya mbele: ikiachwa ndefu, krenki huipiga kila inapopita, na watu wamewahi kubadilisha beringi kwa sababu ya kiwaya hicho. Kikunje pembeni tu. Kama inaruka mara moja kila mizunguko miwili au mitatu ya pedali, hiyo ni pingili moja ngumu ya cheni inayopita.

Nikisimama juu ya pedali, inanyamaza? Ni siti. Toa bomba la siti, lifute vumbi, paka grisi kidogo kama fremu na bomba ni vya chuma au aluminiamu, rudisha bila kuvuka alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba.

Hatua ya 3: Gia

Hapa ndipo wanaoanza huharibu zaidi. Nyuma, waya unapoingia kwenye gia, kile kifaa kinachohamisha cheni, kuna kifundo kidogo kinachozungushwa kwa vidole. Inua gurudumu la nyuma, mwenzako akanyage kwa mkono, ubadilishe gia moja moja. Cheni ikisita kupanda sproketi kubwa (sproketi ni yale magurudumu ya meno ya nyuma), waya umelegea: ukitazama kutoka nyuma, zungusha kifundo kinyume cha saa, nusu mzunguko, jaribu tena. Ikisita kushuka kwenda sproketi ndogo, zungusha upande wa pili.

Utaona pia skrubu mbili ndogo, mara nyingi zimeandikwa H na L. Kazi yake ni kuweka mipaka, cheni isiangukie spoki wala fremu. Mtu huzikimbilia kwa sababu bisibisi ndiyo aliyo nayo nyumbani. Ziache, isipokuwa cheni inatoka kabisa nje.

Na rekebisha kitu kimoja kwa wakati. Ukizungusha vitatu sauti ikaisha, hujui kipi kimeponya. Ikizidi, hujui cha kurudisha ni kipi.

Hatua ya 4: Breki na hewa

Zungusha gurudumu. Likisugua sehemu moja tu, rimu au diski imepinda kidogo. Likisugua mzunguko mzima, breki haiko katikati au gurudumu halijaingia sawa. Anza na gurudumu: baiskeli ikiwa imesimama chini, lilegeze, liache liingie hadi mwisho, ukaze.

Kiwango cha hewa kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa PSI. Mashine ya petroli steshoni inashika valvu nene kama ya gari. Nyembamba inahitaji adapta. Inajaza haraka mno, kwa hivyo gusa, acha, pima.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa mtaa wake)

*Kasarani:* Mwalimu, asante. Yangu ilianguka kwenye ngazi za ploti. Sasa nikiweka sproketi kubwa kabisa inagusa spoki. Nimezungusha kifundo mpaka mwisho.

*Jibu:* Acha hapo hapo. Ilianguka upande wa kulia, sivyo? Kuna kipande kidogo kinachoshika gia kwenye fremu, laini makusudi ili kipinde chenyewe fremu ipone. Itazame kutoka nyuma: vile vigurudumu viwili vidogo vya gia vinapaswa kuwa wima, sambamba na sproketi. Vikiinamia spoki, kimepinda. Usitumie sproketi hiyo hadi kinyoshwe au kibadilishwe, maana gia ikiingia kwenye spoki hasara inakuwa ya gurudumu zima. Ukienda kununua kingine beba hicho cha zamani, fremu hazifanani.

*Umoja:* Pedali ya kushoto inafunguka kila siku. Fundi amekaza mara kadhaa.

*Jibu:* Thredi za kushoto ni za kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Angalia herufi kwenye ekseli ya pedali: L kushoto, R kulia. Mtu akilazimisha R iingie kushoto, anakula thredi za krenki. Ikiwa herufi ni sawa na bado inatoka, krenki imekwisha. Kama risiti ipo, rudi dukani kabla mwingine hajaigusa.

*Lang'ata:* Nilitoka msitu wa Karura baada ya mvua, breki za diski zikawa zinapiga mayowe. Shemeji akapuliza mafuta kwenye diski, sasa hazishiki.

*Jibu:* Dada, tope la Karura peke yake lingeisha kwa maji na breki chache. Mafuta ndiyo shida. Futa diski kwa spiriti na kitambaa safi, lakini pedi zikishanyonya mafuta kwa kawaida ni kubadilisha. Pedi mpya nazo zinataka kuzoeshwa: mwendo wa wastani, bana kwa nguvu hadi karibu usimame, mara kama 20. Kabla ya hapo usishuke nayo mteremko wowote.

*South B:* Naweza kutumia oili iliyomwagwa kutoka kwa boda kwenye cheni? Ni ya bure.

*Jibu:* Ni ya bure kwa sababu imejaa chembe za chuma. Cheni mpya ina grisi ya kiwandani, ifute nje tu. Ikianza kukauka, tone moja la oili ya cheni kwa kila pingili, subiri kidogo, ufute inayoonekana.

*South B:* Na mafuta ya kupikia?

*Jibu:* Yanaganda yanakuwa gundi. Hapana.