Bastola iliyoingia maji ya bahari: kuosha chumvi kwanza, kutu baadaye

Bastola ikitoka baharini, usikimbilie oili. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi hiyo ikifunikwa kwa oili huendelea kuvuta unyevu na kula chuma chini yake kimyakimya. Wiki moja baadaye unafuta oili na kukuta vidoa vya rangi ya chungwa, kila kidoa na kijitundu chake.

Kabla ya lolote, toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma), chungulia chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kisha ipapase kwa kidole. Kama ni rivolva, fungua silinda. Risasi zilizozama zisitumike hata zikionekana kavu: baruti iliyolowa huweza kuisukuma risasi ikaishia katikati ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Zikabidhi polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, usizitupe jalalani.

Kama uko mbali na nyumbani, itumbukize bastola (ikiwa tupu) kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na uiache humo mpaka upate nafasi ya kuifungua. Watu hushangaa, lakini kutu huhitaji hewa pamoja na maji, na chuma chenye chumvi kilichoachwa wazi kwenye joto la pwani huanza kubadilika rangi ndani ya saa chache.

Sasa ifungue kama kijitabu chake kinavyoelekeza: slaidi, mtutu, springi ya kurudishia, fremu. Toa na vibao vya mpini kama vinafungwa kwa skrubu, maana maji hujificha nyuma yake. Magazini nayo ifunguliwe kitako. Ibane springi kwa kidole gumba na uvae miwani, kwa sababu huruka. Tundu la pini ya kufyatulia ndilo husahaulika kuliko yote. Kama hujawahi kulifungua, mpe fundi wa silaha mwenye leseni, tena siku hiyohiyo.

Maji ya kuoshea nayo yaangaliwe. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mvua, au maji ya kuongezea betri ya gari (distilled water). Soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, badilisha maji mara tatu. Kisha kung'uta, puliza kwa kompresa, malizia kwa drai ya nywele hadi chuma kiwe na joto mkononi. Hapo ndipo WD-40 inapofaa: kazi yake ya asili ni kufukuza maji. Iache dakika 15, uifute, ufuatishe oili ya silaha. Haifai kuachwa peke yake kama kinga ya miezi.

Kutu ikiwa imeshaanza, angalia imefika wapi. Ukungu mwekundu wa juujuu hutoka kwa oili na subira. Paka oili nyingi, acha usiku kucha, kisha sugua taratibu kwa stilwaya nambari 0000, ile laini kama pamba. Ile ya kusugulia sufuria itakwangua rangi. Futa kwa kitambaa cheupe, paka oili tena, rudia mpaka kitambaa kitoke bila ukahawia. Ndani ya mtutu tumia brashi ya shaba, ukiiingiza upande wa chemba na kuitoa mdomoni; usiigeuze ikiwa katikati.

Sehemu ndogo za chuma cheusi zenye kutu iliyoshika, zisizo na plastiki, springi wala vilengeo vya kung'aa, zichemshe kwenye maji hayohayo ya betri (distilled water) kwa dakika 15 hivi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, unaikwangua kwa stilwaya iliyosafishwa mafuta, na rangi ya chuma inabaki.

Siki, limau na soda hutoa kutu kweli, lakini asidi haichagui: ile rangi nyeusi ya kiwandani nayo huondoka kwa dakika chache. Msasa na brashi ya waya ya mashine ni vibaya zaidi. Chuma kisichoshika kutu nacho hupata vidoa vya chumvi. Tumia brashi ya nailoni au shaba, kwani stilwaya ya kawaida huacha chembe ambazo zenyewe zitashika kutu. Fremu ya alumini hutoa unga mweupe. Huo husuguliwa kwa nailoni na maji, kamwe si kwa magadi.

Ukiona vishimo ndani ya chemba au mtutu, acha kusugua. Chemba yenye vishimo hushika ganda la risasi likakwama, na springi iliyoliwa hukatika siku usiyoitarajia. Springi badilisha, mtutu aukague fundi kabla ya kufyatua hata risasi moja.

Baada ya saa 24, siku tatu na wiki, ifungue tena na upitishe kitambaa cheupe. Ukahawia ukijitokeza palepale, chumvi bado ipo: osha upya, usiongeze oili. Na usiirudishe kwenye ala ya ngozi iliyolowa siku ile. Ngozi hunywa maji ya chumvi ikayashika muda mrefu, na kazi yote uliyofanya itaanza kuharibika upande ule unaogusana nayo.